Jibu: Glavu za mjusi kwa kuta za Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama glavu za kunata zilizoigwa kwa mjusi zingemwezesha fundi kupanda kuta za nyumba za kale hapa Lamu bila ngazi. Kwa kuta zetu, hapana.

Mjusi kafiri hatumii gundi. Nyayo zake zina vinyweleo vyembamba mno, vyenye ncha zilizochanuka, na vikikaribiana sana na ukuta molekuli za pande mbili huvutana. Uzito ukivuta chini vinashika. Pembe ikibadilika vinaachia. Mtazame usiku karibu na taa, utaona anavyobinua ncha za vidole kabla ya kuinua mguu.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Elliot Hawkes, walitengeneza vibao vya ukubwa wa kiganja, na mtu wa kilo 70 akapanda navyo ukuta wa kioo. Kazi nzuri kweli, hasa walivyogawa uzito kwenye vigae 24 vya kila kibao.

Lakini kioo ni laini. Pangusa ukuta wa matumbawe wenye chokaa kuukuu: kiganja kinajaa unga mweupe. Vibao vitashika unga huo, na plasta yenyewe hubanduka. Tafadhali, fundi afunge jukwaa la boriti, na kabla ya kufunga kamba ya usalama aikague boriti ya dari isiwe imeliwa na mchwa.