Kuanza mawasiliano ya pakiti: hangaikia sauti kabla ya programu

Karibu kila anayetaka kuanza kupeleka pakiti, yaani vifurushi vya maandishi ambavyo kompyuta huvigeuza kuwa milio, kwa redio ya ridhaa huniuliza kwanza aweke programu gani. Nami nilianza na swali hilohilo, nikabadilisha programu nne ndani ya wiki tatu, ilhali kosa lilikuwa kwenye waya wa sauti. Nilimsikia mwenzangu wa ng'ambo ya pili ya mji kwa nguvu kabisa, milio yake ikikwaruza kama kawaida ya pakiti, lakini kwenye kioo cha kompyuta hapakuandikwa hata herufi moja.

Sababu ni rahisi mtu akishaielewa. Katika maongezi ya kawaida sikio hujazia neno lililomezwa na kelele, lakini pakiti ya AX.25, utaratibu wa kufungasha data unaotumiwa na redio za ridhaa, hubeba hesabu ya ukaguzi mwishoni mwake, na biti moja tu ikiharibika, pakiti nzima hutupwa. Kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde, unaotumia milio miwili ya hezi 1,200 na 2,200, pakiti yenye herufi 128 huchukua takriban sekunde moja hewani, na sekunde hiyo yote lazima ipite safi.

Siku hizi si lazima kununua modemu ya pekee, yaani kifaa cha kugeuza data kuwa milio na milio kuwa data. Kompyuta ya kawaida yenye kadi ya sauti na programu ya Direwolf, ambayo ni ya bure, hufanya kazi hiyo vizuri. Programu hiyo huonyesha kiwango cha sauti cha kila pakiti iliyopokewa, na inafaa kiwe karibu na 50. Changu kilikuwa juu mno, kwa sababu nilidhani sauti kubwa ndiyo nzuri, kumbe vilele vya mawimbi vilikuwa vikikatwa. Nilipopunguza sauti ya redio kidogo kidogo, huku mwenzangu akirudia kutuma, mistari ikaanza kujitokeza, na mstari wa kwanza ulikuwa alama yake ya mwito tu, yaani jina lake rasmi la hewani, na neno «jaribio». Upande wa kutuma ni vivyo hivyo: ukizidisha sauti kutoka kwenye kompyuta, utasikika kwa kishindo na hutaeleweka.

Redio ndogo ya mkononi inatosha kuanzia, ila zima kipengele cha kuokoa betri, maana redio inayosinzia huamka pakiti ikiwa imekwishaanza. Achia pia kinyamazishi cha mvumo, kile kinachozima sauti pasipo na mawimbi, kibaki wazi. Usitegemee redio ijiwashe yenyewe kwa kusikia sauti, kwani huchelewa kujiwasha na huchelewa kuachia. Tengeneza waya ambao kompyuta itaubonyezea kitufe cha kutuma cha redio. Kisha kuna muda wa kusubiri kati ya kubonyeza na kuanza kwa data, ambao huhesabiwa kwa vipande vya milisekunde 10. Mimi niliukuta kwenye 30, yaani milisekunde 300, na redio yangu, ambayo ni nzito kuamka, haikutulia mpaka nilipoufikisha 50.

Leseni na alama ya mwito vitangulie kutuma, ingawa kusikiliza tu ni shule nzuri. Asiye na jirani wa kumsikiliza ajaribu 145.825 MHz wakati Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapopita juu ya upeo, kwani mara nyingi huwa kinarudisha pakiti za watu kwenye masafa hayo. Kwa FM huhitaji kufukuzana na mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo wa kituo, na una kama dakika kumi kwa mpito mzuri.

Ukishapokea bila taabu, ndipo uombe kuunganishwa na kituo kimoja kilicho karibu, moja kwa moja, bila kupitia kirudishaji chochote, yaani kituo cha kati kinachopokea pakiti na kuzituma tena. Tambua kwamba ujumbe wako utasomwa na yeyote aliye kwenye masafa hayo, na kuuficha kwa msimbo hakuruhusiwi, kwa hiyo usitume nywila hewani.