Kwa nini tunagongana kwa nyuma

Kipilefti hunitia wasiwasi kuliko barabara kuu. Gari la mbele linaondoka, wa nyuma anageuza shingo kulia, anaona pako wazi, anakanyaga mafuta. Kumbe wa mbele amesita. Kishindo! Kosakosa nyingi nilizoshuhudia pale ni za aina hiyo. Hakikisha kwanza wa mbele ameshaondoka kabisa, ndipo uangalie kulia.

Kuhusu daladala, wengi humlaumu dereva kwamba amesimama ghafla. Mimi sikubaliani nao sana. Daladala hutangaza mapema: konda anagonga bodi, abiria anapunga mkono kule mbele, basi ujue breki inakuja. Anayeshtuka ni aliyekodolea macho bampa (au simu). Tazama kupitia vioo vya gari la mbele uone kinachomkabili dereva wake. Likiwa lori limekuziba, rudi nyuma mpaka uone ubavuni mwake.

Ukishapita Kibaha kuelekea Chalinze, hesabu inabadilika. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Hata dereva makini huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Mita 33 zimekwisha, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Ndiyo maana mimi huchagua nguzo: gari la mbele likiipita, nahesabu. Nikiifikia kabla ya sekunde mbili, nimesogea mno. Mvua ikinyesha nahesabu nne, hasa ile ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganyika na vumbi na oili.

Utaambiwa ukiacha nafasi bajaji zitaingia. Zitaingia, ndiyo. Rudi nyuma tena. Unachopoteza ni sekunde chache.

Usiku mambo ni mengine. Lori bovu lisilo na taa za nyuma huonekana ukiwa umeshalifikia, kwa hiyo ukikuta matawi yametandazwa barabarani, punguza mwendo palepale, usisubiri kuliona. Na ukiwa wa mwisho kwenye foleni, kama zile za malori karibu na mizani ya Vigwaza, washa hazadi, acha nafasi mbele yako ya kuchomokea pembeni, na usitoe jicho kwenye kioo mpaka anayekuja nyuma asimame.