Kabla ya jina na nembo, waandike kazi ni ya nani

Ndugu mwalimu unayeanza kuwalea wanafunzi wa chuo kwenye miradi ya sanaa na ubunifu, iwe Makerere, Kyambogo au kwingineko Uganda, nakuomba ushike jambo moja kabla ya mengine: kikundi kisianze kazi bila kuandikiana kazi hiyo ni ya nani.

Wanafunzi hupenda kuanza na jina na nembo. Waache wafurahi. Ila wiki hiyohiyo wakalishe waandike karatasi moja: nani anachora, nani katunga hadithi, nani katoa pesa, na mmoja akiondoka baada ya mahafali, michoro yake inabaki au anaondoka nayo. Vikundi vingi nilivyoona vikivunjika havikuvunjwa na kukosa mteja. Vilivunjika mteja alipopatikana. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali yote huwa ni faili zilizo kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Kwa mteja mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inasema kazi ikifanywa kwa kuagizwa, na hakuna mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki ni ya aliyeagiza. Mwanafunzi akichora wahusika wa katuni kwa tangazo la duka, akatumiwa pesa kwenye simu na kushukuru, wahusika wale si wake tena. Akitaka kuwatia kwenye kitabu chake mwakani, itambidi aombe ruhusa. Ukurasa mmoja wenye tarehe na sahihi za pande zote mbili, unaosema michoro ni ya mchoraji na duka linaruhusiwa kuitumia kwa tangazo hili tu, ungemwokoa. Kusajili jina la biashara URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni vizuri, lakini hakujibu swali hilo.

Kisha watoe darasani, nenda nao Nasser Road, Kampala, kwa wapiga chapa. Kikundi kimoja kilikwenda na hadithi ya watoto ya kurasa 26. Mpiga chapa akachukua karatasi, akaikunja katikati mbele yao: kurasa nne. Kitabu cha kubanwa kwa pini kitakuwa na kurasa 24 au 28, 26 haipo. Akaendelea: picha za rangi zinataka pleti nne, yaani bamba la kuchapia kwa kila rangi ya wino, na gharama ya pleti ni ileile ukichapa nakala mia au elfu. Palepale mtunzi akaanza kukata maneno, na mwenzake akaanza kupiga hesabu ya bei ya nakala moja. Mimi darasani nisingeweza kuwafundisha vile. Kabla hawajaondoka, waulize pleti na faili vitabaki kwa nani, nalo liandikwe kwenye karatasi yao.

Na wewe mlezi jiandike humo. Wazo lako likiingia kwenye mradi, sema siku ya kwanza kama unadai sehemu. Mimi sidai, na nawaambia waziwazi. Mwanafunzi anayelijua hilo huniletea mchoro ukiwa bado penseli, wakati ambao bado unarekebishika.