Asiyeona akifungua genge: maswali yenu ya wiki hii

*Mdogo wangu amepoteza uwezo wa kuona na anataka kufungua genge hapa Mbagala. Atajuaje noti aliyopewa? Naogopa watamwibia.*

Dada yangu, noti zetu hazilingani urefu. Ya 1,000 ni fupi kuliko ya 2,000, na ya 10,000 inazipita zote. Kaka yangu haoni, na genge lake nimeketi naye siku nyingi. Mteja akitoa noti, anailaza juu ya noti ya 1,000 aliyoitenga kwa kazi hiyo tu, anapapasa ncha iliyozidi, kisha anaitaja kwa sauti: "Umenipa elfu tano." Wanaosubiri zamu wote wanasikia, na hapo ujanja unakuwa mgumu. Ya 2,000 anaikunja mara moja, ya 5,000 mara mbili, ya 10,000 inakwenda mfuko wa ndani. Noti chakavu ndizo zinazosumbua, basi azizoee nyumbani kwanza. Mpe hizo noti jioni mbili tatu, wewe ukae kimya.

*Mtaji tuutafute wapi?*

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, awaeleze masharti ya sasa. Ni mkopo, utarudishwa. Tena nakuomba, mkifika pale, aseme mwenyewe. Sisi tulipokwenda ofisi moja, aliyetupokea aliniuliza mimi: "Anataka kiasi gani?" Na kaka yuko hapo hapo, goti lake limegusa meza. Iliniuma, na najuta kwamba nilijibu.

*Mjomba haoni na ana duka, na namba yake ya siri ya pesa za simu tunaijua watu wanne nyumbani. Tufanyeje?*

Abadilishe leo. Simu janja nyingi zina TalkBack, programu inayosoma kilicho kwenye kioo, na haihitaji kulipiwa. Mwashieni, mfundisheni polepole, avae spika za masikioni jirani asisikie salio. Menyu zile za nyota na reli mara nyingi hukatika kabla sauti haijamaliza kusoma, kwa hiyo programu ya mtandao wake itamfaa zaidi. Hesabu ya mauzo iwe mikononi mwake. Mkimshikia pesa, duka si lake tena.

*Mume wangu haoni, na nikimpangia bidhaa dukani ananigombeza. Kosa langu nini?*

Umehamisha vitu, mama. Yeye anakumbuka rafu kwa mkono: sukari kushoto, chumvi kulia. Pakiti zikifanana, za chumvi zifungwe mpira mmoja mmoja. Na ukileta mzigo mpya, mwite aupange mwenyewe, hata kama foleni imefika barabarani.