"Nilidhani Wako": Maswali ya Wasomaji kuhusu Kuongea Uwanjani

SWALI: Timu yetu ya mpira wa wavu inapoteza pointi nyingi servisi inapoangukia katikati ya wachezaji wawili. Wanatazamana, halafu kila mmoja anasema, "Nilidhani wako." Kocha anatuambia tuongee, nasi tunaongea, lakini hali ni ile ile. Tufanyeje?
Mchezaji, Morogoro

JIBU: Inaelekea mnaongea kwa kuchelewa. Neno linatoka mpira ukiwa umeshavuka wavu, na hapo miguu ya wote wawili imeshasita. Mgawanyo wa maeneo umalizike kabla servisi haijapigwa. Mwamuzi akipuliza kipenga, mpigaji ana sekunde 8, lakini msizisubiri hizo. Mkishajipanga tu, kila mpokeaji anyooshe mkono kuonyesha eneo lake linaishia wapi, na wa kati aseme kwa sauti nani anachukua mipira ya katikati. Kama mna libero, yaani mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda nyuma, mpeni yeye. Pale ambapo wawili wanaweza kuufuata mpira mmoja, kubalianeni mapema kwamba mmoja hupita mbele kuchukua mfupi na mwingine hupita nyuma kuchukua mrefu. Hivyo hata wakikosea hawagongani.

Anayechukua aite "Wangu! Wangu!" mpira ukiwa bado upande wa wapinzani. Mwenzake asijibu "Wako!", kwa sababu kwenye kelele maneno hayo yanasikika karibu sawa na wote wawili huishia kuuacha. Ageuze kifua kumwelekea mpokeaji, ainame kidogo, awe tayari kuokoa mpira ukiruka vibaya. Mpira unaotoka uitwe "Nje!" na mtu asiyeucheza, aliye karibu na mstari, maana anayepokea macho yake yako kwenye mpira.

Fanyeni zoezi hili: wapokeaji watatu, servisi 20. Servisi iliyopokelewa vizuri bila kuitwa ihesabiwe kuwa imepotea. Mkifikisha 16 zilizoitwa kwa wakati, walio benchi waanze kupiga makelele na kugonga madebe, mrudie upya. Timu nyingi huharibu hapa: hujifunza kuita katika ukimya wa jioni, na siku ya mechi sauti ile ya mazoezini haimfikii hata aliye hatua mbili pembeni.

SWALI: Nina miaka 19 na ndiye nahodha. Seta wetu, yaani anayewawekea wenzake mpira wa kushambulia, ni dada mkubwa kwangu. Nikimrekebisha baada ya kosa ananuna, na seti nzima hasemi tena. Nimwache?
Nahodha, Tanga

JIBU: Usimwache, ila badilisha wakati na maneno. Baada ya pointi kupotea mna sekunde chache tu. Kutaneni katikati, gusaneni mikono, toa pumzi ndefu, kisha sema sentensi moja inayohusu mpira unaokuja. "Dada, unaweka karibu mno na wavu" ni lawama juu ya mpira uliokwisha. "Unaofuata, mita moja kutoka wavuni" ni kazi anayoweza kuifanya sasa hivi. Usimpe mambo mawili kwa mpigo, wala usianze na "kila mara wewe". Akisikia hivyo ataanza kujitetea kichwani huku servisi inakuja.

Likihitaji maelezo zaidi, subirini mapumziko mafupi ya sekunde 30, ambayo kila timu hupewa mara mbili kwa seti. Sekunde 10 za kwanza ni za maji na pumzi, bila mtu kusema. Kocha afuate, na mwishoni seta mwenyewe arudie kwa maneno yake mtakachofanya. Akishindwa kurudia, ujue hakusikia, na kuongeza sauti hakutasaidia.

Kuhusu umri, usilikwepe jambo hili, kwa sababu ndilo linalouma. Mwombe mkutane kesho yake mazoezini, nyinyi wawili tu, kabla wengine hawajafika. Mwamkie kama kawaida, kisha umuulize yeye kwanza: "Dada, nikiwa na la kukuambia katikati ya mchezo, ungependa nikuambieje?" Msikilize mpaka amalize. Halafu mkubaliane kwamba ndani ya mistari mtaitana kwa majina mafupi na maneno makavu, na kipenga cha mwisho kikilia heshima ya dada inarudi yote. Wachezaji wote wasikie makubaliano hayo, asije mmoja akadhani umemkosea adabu. Na yeye naye apewe haki ya kukurekebisha kwa namna hiyo hiyo.

SWALI: Vijana wangu wakiona uamuzi mbaya wanamzunguka mwamuzi wote. Niwazuieje?
Kocha wa shule ya sekondari, Dodoma

JIBU: Wape kazi nyingine ya kufanya. Kwa kanuni, nahodha aliye uwanjani ndiye pekee anayeruhusiwa kuomba ufafanuzi, mpira ukiwa haupo mchezoni. Kadi ya njano ni onyo. Nyekundu huwapa wapinzani pointi na servisi. Katika mechi za mazoezi, toa makusudi maamuzi matano yasiyo sahihi. Kila mara watano wageuke na kukutana katikati ya uwanja, mgongo kwa mwamuzi, na nahodha peke yake aende na swali moja. Akigeuka mtu mwingine yeyote kumwelekea mwamuzi, wapinzani wapewe pointi papo hapo.