Maswali yenu ya visukuku: nani anaruhusiwa kujiunga, na mbona usichimbe

Kuna hii Palaeontological Association ya Uingereza, lazima uwe daktari wa chuo ndio wakuchukue? (Kayole)

Zii. Ni chama cha tangu 1957, kazi yake kusukuma mbele elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwa mawe, wanachapisha majarida, wanatoa pesa za utafiti, kila mwaka wanakutana, na ukipenda haya mambo unajiunga tu, mwanafunzi analipa kidogo. Hata wana tuzo ya Mary Anning ya watu ambao hii si kazi yao ya mshahara. Na kama ni digrii inakutisha, Kamoya Kimeu wetu, yule mtafutaji hodari wa visukuku, alichunga mbuzi utotoni, shule hakufika mbali, na 1984 huko Nariokotome, Turkana, siku ya mapumziko, akaona kipande kidogo cha fuvu kwa kokoto za rangi karibu ile ile. Ndio huyo Turkana Boy, mifupa ya kijana wa binadamu wa kale, wa kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Macho kama hayo huwezi somea.

Na sisi huku hatuna chetu? (Umoja)

Kiko cha Afrika Mashariki, East African Association for Paleoanthropology and Paleontology. Ukitaka cha kuanzia karibu na nyumbani, cheki Nature Kenya, walianza 1909 hapa Nairobi na ndio walianzisha museum 1910, ingawa wao sana sana ni ndege na mimea.

Nimeokota mfupa mzito kama jiwe kwa mto huko ushago, nauza wapi? (Rongai)

Huuzi popote, kuna sheria ya 2006 ya museum na urithi, na kuchimba bila leseni ni kesi. Lakini hata tuwache sheria. Mfupa ukiutoa mahali ulikuwa unapoteza nusu ya habari zake, juu umri mara nyingi haupimwi kwa mfupa wenyewe, unapimwa kwa tabaka za majivu ya volkano zilizo juu na chini yake, sasa ukiniletea kwa paperbag nitajuaje ulitoka tabaka gani? Piga picha na kalamu kando ionyeshe saizi, weka pin ya location, pigia museum. Huo umeshaokota, andika leo ulitoka wapi hasa kabla usahau, na usiuoshe.

Si kila kitu kishapatikana? (South B)

Simbakubwa, mnyama wa kale mla nyama mkubwa kuliko simba, mifupa yake ilikaa kwa droo ya museum hapa Nairobi miaka na miaka, akapewa jina 2019. Jibu ndio hilo.

Mbona Kenya hatuna dinosaria? (Kasarani)

Tunao kidogo, Turkana, ila mawe yetu mengi ya visukuku ni ya juzi sana. Wakubwa walitoka Tendaguru, Tanzania, Wajerumani wakawabeba hadi Berlin na bado wako huko. Hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Wikendi nipeleke watoto wapi? (Lang'ata)

Olorgesailie, barabara ya Magadi. Mashoka ya mawe yako hapo chini yalipopatikana, mnayaona mkipita kwa daraja la mbao, na kuna mifupa ya tembo wa kale. Jua la huko halina huruma, endeni asubuhi na maji mengi.