Kuhusu klipu ya WhatsApp kwamba chanjo mpya ya wajawazito inaleta njiti

Dada uliyetumiwa ile klipu na wifi yako, naona wengi humu wamekujibu "uzushi mtupu". Mimi siungi mkono jibu hilo. Nusu ya klipu ina ukweli, na mjamzito akija kuugundua mwenyewe baadaye, hata sindano ya pepopunda ataikimbia.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Chamwino, swali hili naulizwa sana siku za kliniki. Kabla ya kubishana nauliza: chanjo ipi? Maana za RSV, kile kirusi kinachobana kifua cha watoto wachanga, makampuni mawili makubwa yalizifanyia majaribio kwa wajawazito. GSK walisimamisha ya kwao wenyewe mwaka 2022. Waliochanjwa walizaa njiti asilimia 6.8, wenzao waliopewa sindano isiyo na chanjo 4.9, na pengo lilionekana zaidi kwenye nchi za kipato kama chetu. Hiyo ndiyo inayosemwa kwenye klipu. Wasichokwambia ni kwamba chanjo hiyo haikuidhinishwa kwa wajawazito popote.

Iliyoidhinishwa ni ya Pfizer. Waliijaribu kwa wanawake zaidi ya 7,000 katika nchi 18, Gambia na Afrika Kusini zikiwemo. Ndani ya siku 90, watoto waliougua vibaya walikuwa 6 kwa mama waliochanjwa, 33 kwa wasiochanjwa. Na njiti je? Asilimia 5.6 kwa 4.7. Tofauti ndogo hiyo inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu, lakini Marekani hawakuipuuza: utafiti ulichanja kuanzia wiki ya 24, wao mwaka 2023 wakaruhusu wiki ya 32 hadi 36 tu. WHO wanasema kuanzia 28. Ndiyo maana habari isiyotaja wiki za ujauzito siipi uzito, iwe ya kusifia au ya kutisha.

Angalia na mwaka. Bado kuna watu wanasambaza habari ya 2015 kwamba chanjo ya malaria ya RTS,S inaleta homa ya uti wa mgongo. Kwenye majaribio, ambayo Bagamoyo na Korogwe zilishiriki, kweli kesi zilizidi kwa waliochanjwa. Ikabidi ifuatiliwe upya Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, kwa watoto wengi zaidi, na uhusiano huo haukuonekana.

Sasa wewe. Sindano ya pepopunda ni ya miaka mingi, haihusiani kabisa na klipu, kachome. Ukiambiwa kuna nyingine, uliza jina lake na liandikwe kwenye kadi (nesi akinuna, mwache anune). Mwili ukikusumbua baada ya sindano yoyote, rudi kituoni na kadi hiyo, waambie wajaze taarifa ya madhara iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.